Kuipata Sauti ya Kweli Unapowaandikia Watoto wa Miaka 8 hadi 12

Mwandishi wa riwaya za watoto wa umri wa miaka 8 hadi 12 ana msomaji mgumu kuridhika. Msomaji huyu hasubiri tena kusomewa. Anajichagulia kitabu mwenyewe, na hukiweka kando mara tu anapohisi kwamba anayezungumza humo ndani ni mtu mzima aliyejifanya mtoto. Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mwandishi ajifunze jinsi watoto wa siku hizi wanavyozungumza. Ushauri huo una faida yake, lakini kwa maoni yangu unaanzia mwisho wa kazi. Sauti ya mhusika mtoto hutokana kwanza na mambo anayoyaona, mambo anayoyajali na mambo ambayo bado hayajui. Mwandishi akiyashika hayo matatu, maneno hufuata bila taabu kubwa. Akiyakosa, hata misimu ya lugha iliyo mipya kuliko yote haitaiokoa kazi yake.

Mjue unayemwandikia

Watoto hupenda kusoma habari za watoto waliowazidi umri kidogo, na ndiyo maana wahusika wakuu wa riwaya hizi aghalabu huwa na miaka 10 hadi 13. Kazi nyingi za aina hii huwa na maneno kati ya 25,000 na 50,000, ingawa hadithi zinazojenga ulimwengu wa ajabu huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Haya ni mambo ya nje, na mhariri yeyote atakueleza. Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni hali ya ndani ya mtoto mwenyewe.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950, alieleza kwamba katika miaka ya shule ya msingi mtoto hushindana na suala la uwezo: ama anajiona mtu anayeweza kuifanya kazi ikafaulu, ama anajiona duni kuliko wenzake. Jean Piaget naye alionyesha kwamba kuanzia takriban miaka 7 hadi 11 mtoto hufikiri kwa mantiki, ila mantiki hiyo hushikamana na vitu vinavyoonekana na kushikika, na fikra dhahania hukomaa baadaye. Hakuna haja ya mwandishi kugeuka mtaalamu wa saikolojia, lakini kauli hizo mbili zina kazi kubwa mezani pake. Ya kwanza inamwonyesha kile ambacho mhusika wake anakitaka kwa moyo wote, hata pale anapodai kwamba anataka kitu kingine: anataka kuaminiwa na jambo fulani, na kuonekana akiliweza. Ya pili inamwonyesha namna mhusika huyo anavyowaza. Mtoto wa miaka 10 hatasema kwamba nyumbani kwao hakuna haki. Atasema kwamba aliosha vyombo juzi, akaviosha tena jana, na leo ameambiwa aoshe kwa mara ya tatu ilhali kaka yake amejilaza tu. Hesabu hiyo ya zamu ndiyo hoja yake juu ya haki, na mwandishi anayeitazama kwa dharau kidogo, hata kwa upendo, tayari ameipoteza sauti.

Anza na jicho

Chukua tukio moja: baba amepoteza kazi, na ndugu wamekusanyika sebuleni. Mwandishi anayeharakisha huandika hivi:

"Nyumba ilitawaliwa na huzuni nzito. Nilitambua kwamba maisha yetu hayangekuwa tena kama zamani, na kwamba wazazi wangu walikuwa wakijitahidi kuuficha wasiwasi wao kwa tabasamu za kulazimisha."

Sarufi ni safi, na hisia zimetajwa zote. Hata hivyo, huyu ni mtu wa miaka 40 anayekumbuka utoto wake, tena anayekumbuka akiwa ameshapewa maelezo yote. Sasa soma tukio hilohilo likisimuliwa na mtoto aliyemo ndani yake:

"Baba alikuwa nyumbani, na ilikuwa Jumanne. Alikuwa amevaa viatu vya kazini, vile vyeusi, lakini alikuwa amekaa tu. Mjomba aliponiona mlangoni akanyamaza, kisha akaniuliza shule inaendeleaje. Mjomba hajawahi kuniuliza habari za shule. Nikasema inaendelea vizuri. Mama akaniambia nikacheze nje, na hata hakuuliza kama nimemaliza kazi za shule. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa."

Katika kifungu cha pili neno huzuni halimo, wala hakuna anayetambua jambo lolote kubwa. Kuna siku ya wiki, kuna jozi ya viatu, kuna swali lililoulizwa na mtu asiyeliuliza kamwe, na kuna swali jingine ambalo kwa mara ya kwanza halikuulizwa. Mtoto ni mchunguzi hodari wa kanuni za nyumba yake. Anajua nani hukaa kiti kipi, nani hukohoa kabla ya kusema neno zito, na ni saa ngapi mlango hufungwa. Anapoiona kanuni moja imevunjwa hupata wasiwasi muda mrefu kabla ya kujua sababu, na wasiwasi huo humwingia msomaji pia, kwa kuwa msomaji ameyaona yaleyale.

Zoezi linalosaidia sana ni kuandika tukio moja mara mbili kwa njia hiyo. Mara ya kwanza liandike kama unavyolielewa wewe, pamoja na sababu zake zote. Mara ya pili jikataze kutaja jina la hisia yoyote, na jikataze kueleza sababu ambayo mtoto hajaambiwa wala hajaidukua. Bakiza vitu, vitendo na maneno yaliyosikika. Kisha ongeza yale ambayo mtoto peke yake angeyaona kwa sababu ya kimo chake na nafasi yake: mikono ya watu wazima chini ya meza, karatasi iliyogeuzwa kifudifudi, mazungumzo yanayokatika ghafla na kuhamia habari za mvua. Ukifanya hivyo kwa matukio kadhaa, utaanza kumsikia mhusika wako hata kabla hajasema lolote.

Tashbihi ni sehemu ya jicho hilo, na ni mahali ambapo waandishi wengi hunaswa. Mtoto hulinganisha jambo jipya na kitu ambacho amekwisha kukishika, kukila, kukivunja au kukiogopa. Mtoto anayependa kufungua redio mbovu anaweza kusema kwamba sauti ya bibi yake mgonjwa inakwaruza kama stesheni iliyohama. Mtoto wa aina nyingine hatakuwa na tashbihi hiyo, na hapaswi kupewa. Kwa hiyo, pitia mswada wako wote, uzikusanye tashbihi zote za msimulizi katika ukurasa mmoja, kisha ujiulize zimetoka katika maisha ya nani. Zikiwa zimetoka katika vitabu ulivyovisoma ukubwani, zifute zote bila huruma.

Mipaka ya anachokijua

Uamuzi wa kutumia nafsi ya kwanza au nafsi ya tatu hujadiliwa mno, lakini hauna uzito unaodhaniwa. Nafsi ya kwanza humleta msomaji karibu mara moja, na humbana mwandishi asiyajue yale ambayo msimulizi hayajui. Nafsi ya tatu inayomfuata mtoto mmoja kwa karibu inaweza kufanya kazi hiyohiyo, na humpa mwandishi nafasi ya kutumia lugha yenye upana zaidi kidogo. Zote mbili huharibika kwa namna moja: pale msimulizi anaporuka na kusimama mbele ya wakati wake. Sentensi kama "laiti ningalijua yatakayonipata" au "miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa" hutupa taharuki ya bei rahisi, lakini humtoa mtoto jukwaani na kumweka mtu mzima mahali pake. Katika riwaya za umri huu ningeshauri zisitumike kabisa, isipokuwa hadithi nzima imejengwa wazi juu ya kumbukumbu.

Kutojua si upumbavu. Mhusika mtoto anapokosa maelezo hatulii. Hujitengenezea maelezo yake kutokana na vipande alivyonavyo, na maelezo hayo huwa na mantiki kamili ingawa ni ya makosa. Akimsikia mama yake akisema kwamba mjomba amenyimwa mkopo kwa sababu hana dhamana, anaweza kuamini kwamba dhamana ni kitu kilichopotea, akaanza kukitafuta chini ya vitanda ili amsaidie. Msomaji wa miaka 11 anayejua maana ya neno hilo atafurahi kumzidi mhusika maarifa, na asiyeijua ataendelea kutafuta pamoja naye. Hao wawili wote wanahudumiwa na kifungu kimoja, jambo ambalo maelezo ya moja kwa moja yasingeliweza.

Njia nyingine ya kuionyesha akili ya mtoto ni kumruhusu ajitungie sheria za maisha. Christopher Paul Curtis alifanya hivyo katika riwaya yake ya mwaka 1999, *Bud, Not Buddy*, iliyopata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2000. Msimulizi wake, yatima wa miaka 10, ana kanuni zake alizozipa namba za kumsaidia kuishi miongoni mwa watu wazima. Kanuni hizo huchekesha, lakini kila moja inamfanya msomaji ajiulize ni mkasa gani uliomfundisha mtoto huyo kuitunga. Mtoto hajilalamikii popote, na sauti yake inapata nguvu kwa sababu hiyo hasa. Si lazima mhusika wako aziandike kanuni zake, wala kuzipa namba. Inatosha wewe uzijue tano au sita, na uzione zikiongoza matendo yake.

Njeo, yaani nyakati za kitenzi, nazo zina sauti. Mfululizo wa *-ka-* ndio njia ambayo mtoto mwenye msisimko huitumia anaposimulia: nikaenda, nikamkuta, nikamwambia, akakataa, nikakimbia. Ukiutumia katika tukio la mbio au ugomvi utaipata pumzi yake halisi, ila ukiuendeleza kurasa tatu utamchosha kila mtu. Kiambishi *hu-*, kwa upande mwingine, kinafaa mtoto anapotaja desturi za nyumbani kwao, lakini kikianza kutumika katika kauli za jumla kuhusu maisha na binadamu, basi fahamu kwamba umemsukuma mhusika pembeni na kuanza kuhutubia mwenyewe.

Msamiati na mazungumzo

Mwandishi anayeogopa kwamba hataeleweka huandika sentensi fupifupi zenye maneno mepesi tu, na mtoto wa miaka 11 hujiona anadharauliwa. Mwandishi anayeogopa kuonekana amepitwa na wakati hujaza misimu, akisahau kwamba kuandika, kuhariri na kuchapisha huchukua miaka, na misimu mingi huwa imekwisha kufa kitabu kinapofika mikononi mwa msomaji. Badala ya kuiga misimu, iga muundo wa maneno yao: namna mtoto anavyorudia neno ili kulipa uzito, anavyotia chumvi bila kujali, anavyoanzisha sentensi kwa *halafu* na *yaani*, anavyoacha hoja katikati kwa kuwa nyingine imemjia. Muundo huo hauzeeki upesi.

Maneno magumu hayapaswi kuogopwa. Watoto wa umri huu hukusanya maneno makubwa kutoka kwa walimu, redio na watu wazima, na huyatumia kwa fahari, wakati mwingine mahali pasipo pake. Neno gumu likibebwa vizuri na mazingira yake, msomaji atalipita bila kujikwaa au atalichukua liwe lake.

Methali zinahitaji uangalifu zaidi. Watu wazima katika hadithi wanaweza kuzitumia watakavyo, na ni jambo la kupendeza mtoto anapoichukua methali kama ilivyo na kuihoji. Lakini msimulizi mtoto anayenyunyizia methali kila aya hugeuka mzee aliyevaa sare ya shule. Ikiwa mhusika wako kweli amelelewa na babu mwenye methali nyingi, tuonyeshe babu huyo mapema, ili kila methali inapotamkwa na mjukuu tumsikie babu ndani yake.

Kuhusu mazungumzo, kumbuka kwamba watoto hawapokezani zamu kwa adabu. Hukatizana, hujibu swali ambalo halikuulizwa, hubishana juu ya jambo dogo kwa kuwa lile kubwa halitajiki. Marafiki wawili waliogombana hawatakaa chini kuzungumzia urafiki wao. Watabishana nani alikuwa na kifutio mara ya mwisho. Zaidi ya hayo, mtoto huyohuyo ana lugha kadhaa: ile ya kumjibu mwalimu, ile ya kumwomba mama ruhusa, ile ya kumtania mdogo wake, na ile anayoitumia akiwa peke yake na rafiki wa damu. Mwandishi akimpa mhusika namna moja tu ya kuzungumza na watu wote hao, mhusika huyo atabaki wa karatasi.

Mzigo wa mafunzo

Hapa ndipo ningependa kusisitiza kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sauti nyingi zilizoanza vizuri hufia hapa. Hadithi za watoto zimezoeleka kubeba funzo, na mwandishi anayewapenda watoto kwa dhati anataka wafaidike na alichoandika. Nia hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba funzo likishatangulia, kila mhusika huanza kulitumikia, na mtoto aliyekuwa akizungumza kwa ulimi wake mwenyewe katika sura ya pili hujikuta katika sura ya mwisho akitamka, "Siku ile nilijifunza umuhimu wa kusema ukweli." Wakati mwingine kazi hiyo hupewa mtu mzima mwenye busara, anayetokea kwa wakati ufaao na kueleza kila kitu kwa kurasa mbili, na hapo tatizo linakuwa limetatuliwa na mtu ambaye msomaji hakuja kumsikiliza.

Maadili ya hadithi yanaweza kubaki bila kutamkwa, mradi mhusika afanye uamuzi wenye gharama. Tuseme mvulana ameiba daftari la michoro la rafiki yake kwa wivu, na kwa hasira ameng'oa ukurasa mmoja. Usimwandikie hotuba ya toba. Mpeleke mlangoni kwa rafiki yake akiwa na daftari mkononi na ukurasa ule umekunjwa mfukoni. Mwache aseme kwamba aliliokota. Rafiki afungue, ahesabu michoro yake kwa kidole, asimame kwenye pengo, asiseme neno. Kisha mvulana autoe ukurasa, umekunjamana, aunyooshe kwenye paja lake kabla ya kumkabidhi rafiki yake, na asijue aseme nini. Msomaji wa miaka 9 anaelewa kila kitu kilichotokea mlangoni hapo, pengine kuliko mtu mzima, kwa kuwa amewahi kusimama kwenye mlango wa namna hiyo.

Mambo mazito kama kifo, ugonjwa na kutengana kwa wazazi hayahitaji kukwepwa. Watoto wanayaishi, na kitabu kinachoyaficha huwaacha peke yao. Kinachotakiwa ni kuyapima kwa kipimo cha mtoto: anayefiwa anaweza kulia, na baada ya nusu saa akataka kujua nani atamlisha paka. Usimsahihishe. Matumaini nayo yawepo mwishoni, lakini yawe ya ukubwa ambao hadithi imeustahili; si lazima baba apate kazi, inatosha mtoto awe amepata njia ya kumuuliza.

Mahali pa kuchota

Kumbukumbu zako mwenyewe ni chimbuko la kwanza, ila usianze na matukio, kwa sababu matukio umekwisha kuyasimulia mara nyingi na yamepata sura ya kikubwa. Anza na mambo ambayo hukuwahi kumsimulia mtu: ulificha nini na wapi, uliamini jambo gani lisilo la kweli, ulimwogopa nani bila sababu ya kueleweka, ulikuwa na ujuzi gani uliojivunia. Andika majibu kwa haraka bila kuyapamba.

Chimbuko la pili ni kuwasikiliza watoto walio hai, kwa ruhusa na ufahamu wa wazazi au walimu wao. Wasikilize hasa wanapopanga mchezo. Watoto hutumia muda mwingi sana kujadiliana juu ya sheria za mchezo, nani ametoka na nani hajatoka, na katika majadiliano hayo utasikia hoja, vitisho, rushwa ndogondogo na huruma kwa namna ambayo hakuna mahojiano yatakayokupa. Chukua mdundo na namna ya kufikiri. Siri ya mtoto halisi usiichukue. Ukimwandika mtoto ambaye maisha yake yako mbali na yako, kwa mfano asiyesikia au aliyekulia katika imani tofauti, tafuta watu walioishi maisha hayo waisome rasimu mapema, wakati bado uko tayari kubadilisha mengi.

Kuipima

Rasimu ikikamilika, isome yote kwa sauti. Ulimi utajikwaa mahali ambapo jicho lilipita. Kisha chukua kalamu ya rangi, uzipigie mstari sentensi zote zinazoanza na *nilihisi*, *nilitambua* na *niligundua*. Nyingi zitafutika na kifungu kitabaki kikisema jambo lilelile. Katika mazungumzo, ziba majina ya wasemaji na uone kama bado unajua nani anasema.

Baada ya hapo wape watoto. Usiwaulize kama wamependa, kwa kuwa watoto wenye heshima watasema ndiyo. Wasomee sura mbili, kisha waulize wanadhani nini kitatokea, na mhusika anamwogopa nani. Angalia wanapoanza kujipindapinda kitini, na uweke alama palepale pembeni mwa ukurasa. Maoni ya wazazi na walimu yasikilize kwa heshima, lakini yaweke katika faili tofauti. Mara nyingi wao watalalamikia kukosekana kwa funzo, na malalamiko hayo yanaweza kuwa dalili kwamba sauti imesimama imara. Watoto wawili wakikwama mahali pamoja, parekebishe hata kama ndipo unapopapenda zaidi. Mmoja akikwama peke yake, mwambie akueleze alidhani nini kinaendelea, uandike maelezo yake bila kuyanyoosha, na ulinganishe mpangilio wake wa mambo na ule wa sura yako kabla ya kuigusa sentensi yoyote.